Kipandauso kwa mtoto mdogo: kukitambua, kumtuliza, kukipunguza

Mtoto wa miaka mitano anarudi kutoka shule ya awali kanyamaza kimya. Hataki katuni, hataki embe. Muda si mrefu anatapika, anajilaza sakafuni kwenye ubaridi, anafumba macho. Nyumbani wote wana jibu moja: malaria. Anapewa dawa, analala, na baada ya saa tatu anaamka, anaomba chakula, anakimbilia nje kucheza. Watu wanasema dawa imekubali. Wiki tatu baadaye yanajirudia yale yale, na dawa ile ile inanunuliwa tena.

Hakuna dawa ya malaria inayommalizia mtoto homa, kutapika na kichwa kwa saa tatu. Kilichomtuliza huyu ni usingizi, na usingizi ndio tiba ya kwanza ya kipandauso.

Wengi wetu tunakijua kipandauso kama ugonjwa wa watu wazima, hasa akina mama. Lakini kati ya umri wa miaka 3 na 7, watoto wapatao 3 katika kila 100 wanacho, na idadi hupanda wanapofika shule ya msingi. Katika umri huo wavulana hupata sawa na wasichana, pengine hata kuwazidi kidogo. Wasichana huanza kuwa wengi baada ya kubalehe. Ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaotembea katika ukoo. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouthibitisha. Unajulikana kwa namna unavyojirudia, na anayeweza kuona marudio hayo ni wewe unayelala naye nyumba moja, kuliko daktari anayemwona kwa dakika kumi siku ambayo tayari amepona.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza yale ya hatari

Usianze na kipandauso. Anza na yale yasiyosubiri.

Homa. Kipandauso chenyewe hakileti homa. Mtoto mwenye joto na kichwa kinachouma apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kipo hadi kwenye zahanati. Homa ikija na shingo ngumu, kuchanganyikiwa, degedege, au usingizi mzito asioamshika, nenda hospitali moja kwa moja, maana hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Na kwa wanaoishi Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya pwani, ambako dengi huzuka mara kwa mara: mtoto mwenye homa na kichwa asipewe ibuprofeni wala aspirini mpaka dengi iondolewe, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Jiko la mkaa. Likiwa limeingizwa ndani, au linawaka chumba cha jirani na madirisha yamefungwa, na watu wawili watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja, toeni kila mtu nje kwanza, maswali baadaye. Gesi ya mkaa haina harufu, na dalili zake ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Kipandauso hakiwashiki watu wa nyumba nzima kwa wakati mmoja.

Siko seli. Mtoto mwenye siko seli akilalamika kichwa kikali cha ghafla, au mdomo ukaenda upande, au mkono ukalegea, ni hospitali sasa hivi. Watoto hawa wanaweza kupata kiharusi wakiwa wadogo kabisa.

Zaidi ya hayo, apelekwe kwa daktari bila kungoja marudio ikiwa:

– maumivu humwamsha usiku, au huja kila asubuhi pamoja na kutapika;
– huzidi akilala au akikohoa;
– anayumba akitembea, ameanza makengeza, anainamisha kichwa upande mmoja, au anaona kitu kimoja kama viwili;
– amepata degedege, udhaifu wa upande mmoja, au maneno hayatoki;
– kichwa kimeanza baada ya kuanguka au kugongwa;
– maumivu yamelipuka ghafla, makali kuliko yote aliyowahi kupata;
– kichwa kimekuwa kikiuma kwa wiki nne na hakieleweki;
– mtoto yuko chini ya miaka mitatu. Kipandauso kinawezekana katika umri huo, lakini ni daktari wa kusema hivyo.

Hatua ya 2: Soma mwili wake, maana maneno hana

Kipandauso cha mtu mzima mara nyingi hushika upande mmoja na hudumu kati ya saa 4 na 72. Cha mtoto mara nyingi hushika pande zote mbili, kwenye paji la uso, na kinaweza kuisha kwa saa 2 tu. Ufupi huo ndio unaotupoteza. Mpaka upate bodaboda, ufike kituoni, ukae foleni, mtoto anacheka na nesi anakutazama kama uliyekuja kumpotezea muda.

Saa chache kabla, au hata siku moja kabla, mtoto hubadilika. Anapiga miayo bila sababu. Anakuwa na kisirani, analia kwa jambo dogo, au anataka kula kitu kitamu tu. Chini ya macho kunakuwa na weusi. Kisha uso unasawijika. Kwa mtoto mweusi usitafute weupe shavuni; angalia midomo, viganja, na upande wa ndani wa kope la chini.

Kinapomshika, hatakuambia kwamba mwanga unamuumiza. Atajifunika khanga yako kichwani, ataingia uvunguni, au ataugeukia ukuta. Hatasema kelele zinamsumbua. Ataziba masikio sufuria zikigongana, au atampiga mdogo wake anayeimba. Vitunguu vikikaangwa anatoka mbio jikoni. Mtoto ambaye kila siku anaruka juu ya kochi, leo anashuka mwenyewe na kukaa. Hilo la mwisho lipe uzito mkubwa: mtoto anayejisingizia anasahau kuumwa mpira ukipita mbele yake, lakini mwenye kipandauso hata mpira unamchosha, kwa kuwa kila hatua inagonga kichwani.

Namna ya kumuuliza nayo ina kazi yake. Ukimuuliza mtoto wa miaka minne “Kichwa kinauma wapi?” ataweka mkono popote ili umwache alale. Msubiri apoe kidogo, kisha mwonyeshe kwa mikono. Gonga ngumi kwenye kiganja chako taratibu, tena na tena:

“Kinafanya hivi?”

Halafu kamata kiganja chake na ukibane:

“Au kinafanya hivi?”

Watoto wengi huiga mojawapo mara moja bila kufikiri. Kipandauso mara nyingi hugonga kwa mapigo. Njia nyingine ni kumpa karatasi na kalamu baadaye, achore kichwa chake kilivyokuwa. Usimwelekeze. Hiyo karatasi iende kwa daktari.

Wachache huona mambo kabla ya maumivu: mwanga unaometameta, mistari ya msumeno, sehemu ya picha kutoweka, au vitu kuonekana vikubwa au vidogo kuliko vilivyo. Kwa kawaida hudumu kati ya dakika 5 na saa moja. Mtoto huogopa kusema, na akisema, nyumba nyingi hulipokea vibaya. Anayeeleza kwamba ukuta ulikuwa unachezacheza anaweza kuishia kwa mganga na kurudi na chale. Chale hazitibu kipandauso na zinaweza kumletea maambukizi. Mwambie kwamba ni kichwa kinachofanya hivyo, na kwamba wengine nao huona. Ila mara ya kwanza kabisa kuona hivyo ni lazima aonwe na daktari.

Hatua ya 3: Usisahau tumbo

Kuna kipandauso kisichogusa kichwa. Mtoto anashika tumbo, katikati, kuzunguka kitovu. Maumivu si ya kuchoma wala kusokota. Ni mazito, yasiyomwacha. Anasawijika, hataki chakula, pengine anatapika. Hali hiyo inaweza kukaa kati ya saa 2 na 72, kisha inaondoka kana kwamba haikuwepo, na kati ya mara moja na nyingine mtoto ni mzima kabisa. Hushika zaidi watoto wa kuanzia miaka 3 hadi 10, na wengi wao baadaye huhamia kwenye kipandauso cha kichwa.

Huku kwetu mtoto huyo ana majina mawili: ana chango, au ana minyoo. Atapewa dawa ya minyoo mara nne kwa mwaka, atanyweshwa mizizi, na maumivu yatarudi kwa ratiba yake. Dawa ya minyoo ni nzuri kwa minyoo. Ikishatolewa ipasavyo na tumbo likaendelea kuja na kuondoka kwa mtindo uleule, tafuta kingine.

Ndugu wa karibu wa hali hii ni kutapika kwa vipindi: mtoto anatapika mara nyingi ndani ya saa moja, kwa saa kadhaa au hata siku, kisha anakaa wiki nyingi akiwa mzima. Hapo adui ni kukaukiwa maji. Mtoto mchanga naye anaweza kuwa na vipindi vya kupinda shingo upande mmoja kwa saa au siku, na anayejifunza kutembea anaweza kushikwa na kizunguzungu cha ghafla, anang’ang’ania meza akiwa na hofu, kisha baada ya dakika chache anaendelea na mchezo. Haya yote yamefungamana na kipandauso, lakini usiyatangaze mwenyewe. Yanafanana na magonjwa mengine mazito. Matapishi ya kijani, damu, tumbo lililovimba na kuwa gumu, au maumivu yaliyohamia upande wa kulia chini, hayo ni ya hospitali usiku huohuo.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Kila kinapomshika, andika tarehe, saa kilipoanza, alikuwa anafanya nini, alilala saa ngapi usiku uliopita, alikula na kunywa nini, ulichoona, dawa na kiasi chake, na saa alipopata nafuu. Mistari michache tu, mfano:

“Jumanne. Aliamka saa 11 alfajiri, basi la shule. Hakunywa chai. Saa 8 mchana amesawijika, ameziba masikio. Saa 8 na nusu ametapika mara moja. Joto hana. Parasetamoli ml 10 saa 9 kasoro robo. Amelala chumbani giza. Ameamka saa 11 jioni, amekula wali, anacheza.”

Ukiwa na simu, mrekodi dakika moja akiwa amejikunyata. Daktari ataelewa zaidi kwa video hiyo kuliko kwa maelezo yako ya nusu saa.

Ili kusema ni kipandauso, madaktari hutaka mtoto awe ameshikwa angalau mara 5 kwa sura inayofanana. Kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa “tuendelee kuangalia”. Ukurasa wa mwisho uandike habari za ukoo. Muulize bibi yake, shangazi, mjomba. Watu wengi hawalitumii neno kipandauso, watakuambia, “Mimi kichwa changu kikianza huwa nafunga tu kitambaa na kulala.” Hicho ndicho. Na wewe mwenyewe jiulize.

Hatua ya 5: Kwa daktari

Nenda siku mtoto akiwa mzima, ukiwa na daftari, kadi ya kliniki na majibu yote ya malaria ya nyuma. Uchunguzi mzuri hauhitaji mashine kubwa: apimwe uzito na shinikizo la damu, mzingo wa kichwa ikiwa mtoto ni mdogo, atazamwe nyuma ya macho kwa tochi maalumu, atembezwe kwenye mstari ulionyooka, aguse pua yake kwa kidole, apimwe nguvu za mikono na miguu. Kama kituo hakina mtu wa kutazama nyuma ya jicho, omba rufaa kliniki ya macho. Pale ndipo shinikizo ndani ya kichwa huonekana.

Uchunguzi ukiwa safi na habari za daftari zikilingana, picha ya kichwa mara nyingi haihitajiki. Picha ya CT inatumia mionzi na inagharimu fedha nyingi, na katika hali hiyo ni nadra kuleta jipya. Wazazi wengi humwona daktari asiyeandika picha kama hajafanya kazi. Mimi namwona kama amesikiliza. Ila uliza: “Daktari, umeangalia nyuma ya macho yake? Ni dalili gani zikitokea nimrudishe?”

Kipimo cha malaria kikisema hakuna, usikubali dawa ya malaria eti kwa tahadhari. Miwani nayo: kumpima macho ni vizuri, na kama haoni ubaoni atasaidika, lakini kipandauso hakitibiki kwa miwani.

Hatua ya 6: Siku kimemshika

Nusu saa ya kwanza ndiyo ya thamani. Dawa ikichelewa mpaka kutapika kuanze, tumbo halitaipokea vizuri.

Mwondoe kwenye mwanga na kelele. Chumba chenye pazia, au hata khanga iliyotundikwa dirishani. Zima televisheni, na waombe watoto wengine wacheze mbali. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kiwekwe kwenye paji la uso au shingoni, kama anakipenda, asipotaka usimlazimishe. Mpe maji funda funda. Akiwa anatapika, ORS kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili.

Dawa sasa, na hapa tulia uhesabu. Kipimo kinafuata uzito, umri ni makadirio tu. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite saa 6. Ibuprofeni ni miligramu 7.5 hadi 10 kwa kila kilo, isizidi mara 3 kwa saa 24, kati yake saa 8, na apewe akiwa amekula chochote kidogo. Ibuprofeni mara nyingi hutuliza kipandauso kuliko parasetamoli, lakini haimfai mtoto aliyekaukiwa maji, mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, tetekuwanga, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au homa isiyojulikana chanzo.

Chukua mtoto wa kilo 16. Parasetamoli: 16 mara 15 ni miligramu 240. Chupa nyingi za dawa ya maji huandikwa 120 mg/5 ml, kwa hiyo ni ml 10. Lakini zipo chupa za 250 mg/5 ml. Ukimpa ml 10 za chupa hiyo umempa miligramu 500, zaidi ya mara mbili. Ibuprofeni ya 100 mg/5 ml: miligramu 120 hadi 160, yaani ml 6 hadi 8. Soma chupa kila unaponunua mpya, hata kama rangi ya boksi ni ileile, na pima kwa bomba la dawa lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni vinatofautiana mno. Kokotoa mapema pamoja na daktari au mfamasia na uandike jibu kwenye jalada la daftari, ili saa 8 usiku usifanye hesabu kichwani.

Visivyofaa: aspirini kwa aliye chini ya miaka 16, kwa sababu inahusishwa na ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo, vidonge mchanganyiko vya kichwa vya dukani, ambavyo vingine vina aspirini na kafeini, kipande cha kidonge cha mtu mzima, na sindano ya diklofenaki ya duka la dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika usimpe bila daktari. Kwa watoto inaweza kukaza shingo na kugeuza macho, na ukiona hivyo utadhani ni degedege au jini.

Akilala, mwache. Usimwamshe ale. Mara nyingi ataamka ameshapona, na wengine hubaki wachovu mpaka kesho yake.

Mpeleke hospitali ikiwa anatapika kila anachopewa, hajakojoa kwa saa 8, maumivu yamevuka siku 3, au kuna dalili yoyote ya hatua ya kwanza. Na hesabu siku za dawa: zaidi ya siku mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki, dawa yenyewe ya maumivu inaweza kuanza kuleta kichwa. Ukifika hapo, tatizo limehama; rudi kwa daktari badala ya kununua chupa nyingine.

Hatua ya 7: Punguza mara zinazomshika

Watu hupenda kuuliza chakula gani amwachishe. Chokoleti, machungwa, jibini. Orodha ni ndefu, na mtoto anaishia kula kidogo, jambo ambalo lenyewe linaleta kipandauso. Daftari likionyesha wazi kwamba kitu fulani kimemletea mara tatu nne, mwondolee hicho kimoja. La sivyo shughulika na usingizi, mlo na maji.

Usingizi ndio mgumu zaidi mijini. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Sasa basi la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri, anaamshwa saa 11. Ili apate saa 10 ni lazima awe amelala saa 1 jioni, wakati nyumba nyingi ndiyo kwanza zinabandika chakula cha usiku. Siwezi kukudanganya kwamba kuna njia rahisi. Mtoto ale mapema peke yake kabla ya wakubwa, simu na televisheni zizimwe saa moja kabla, alale mchana akirudi, na ikiwezekana asome shule ya karibu, hata kama ile ya mbali ina jina kubwa zaidi. Wikendi asilale mpaka saa 5 asubuhi. Kupitiliza nako huchokoza.

Asiondoke nyumbani na tumbo tupu. Uji, au chai ya maziwa na kiazi, au yai, kinachopatikana. Kiporo kinafaa kabisa. Awe na kitu cha saa 4, kwa kuwa shule nyingine chakula cha mchana huja saa 7 au 8.

Maji anabeba, lakini hanywi. Muulize kwa nini. Watoto wengi huacha kunywa kwa sababu choo cha shule kinatisha, au mwalimu haruhusu kutoka. Hapo chupa mpya ya rangi haisaidii. Inabidi uongee na shule.

Ramadhani, watoto wengi hufunga nusu siku kwa kujizoeza na kwa kuwaiga kaka zao. Mwenye kipandauso asishindanishwe na wenzake. Hajafaradhishiwa kufunga bado, na njaa, kiu na kukatika usingizi wa daku vinamjia vyote kwa pamoja.

Yaliyobaki yafuate daftari: jua kali la mstarini bila kofia, udi na marashi makali, moshi wa kuni, dawa ya mbu ya kupuliza, simu machoni kwa saa nyingi, na hofu. Hofu ya mitihani na ya viboko ni sababu halisi. Kipandauso kikishika Jumatatu tu, au siku ya somo fulani tu, usikimbilie kusema anajifanya. Maumivu ni ya kweli, na kuna kinachoyaita.

Hatua ya 8: Shule ijue

Peleka barua fupi, mkono kwa mkono, kwa mwalimu wa darasa:

“Mwalimu, salaam. Mtoto wetu ana kipandauso, amethibitishwa na daktari. Kikianza husawijika, hunyamaza na kuziba masikio. Tunaomba alazwe mahali penye kivuli na utulivu, apewe maji, na tupigiwe simu mapema. Dawa yake na kipimo kilichoandikwa viko kwa matroni. Tunaomba pia aruhusiwe kunywa maji na kwenda msalani. Asante kwa malezi yako.”

Mtaje mtoto, andika namba mbili za simu, na ubaki na nakala. Ukiyasema haya kwa mdomo tu, husahaulika muhula ukibadilika. Barua iandike upya kila Januari.

Dawa za kuzuia, na baadaye

Kikimshika mara nne au zaidi kwa mwezi, au anakosa shule sana, daktari anaweza kuzungumzia dawa ya kila siku: propranololi (siyo kwa mwenye pumu), flunarizini, amitriptilini, topirameti. Usizitarajie miujiza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2017 uliwapa watoto wa miaka 8 hadi 17 amitriptilini, topirameti, au kidonge kisicho na dawa. Makundi yote matatu yalipata nafuu kwa kiasi kinachokaribiana, na wenye dawa halisi ndio waliopata madhara zaidi. Ukasimamishwa kabla ya muda. Ndiyo maana nimekaa sana kwenye usingizi na chai ya asubuhi. Siproheptadini, ambayo mitaani hununuliwa kama dawa ya kuongeza hamu ya kula, nayo hutumika kwa wadogo, lakini kwa maelekezo ya daktari. Humfanya mtoto asinzie na anenepe.

Wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua. Kwa baadhi kinapotea miaka kadhaa kisha kinarudi wakati wa kubalehe, na kwa wasichana huweza kufuatana na hedhi. Sura yake inaweza kubadilika polepole, kutoka tumboni kwenda kichwani, kutoka pande mbili kwenda moja. Ikibadilika ghafla, au ukiona kitu kisichofanana na chochote kilichomo kwenye daftari, hicho kichukulie kama ugonjwa mpya na umpeleke akaangaliwe upya. Na kila baada ya miezi 6 mpime uzito, ufute kipimo cha zamani cha dawa kwenye jalada, na uandike kipya.